Muulize Mama Spea: Usiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia

Pesa ya tumbaku ikianza kutoka, Urambo na Kaliua wanakumbuka magari yao yaliyolala chini ya miembe, na mimi barua zinanijaa. Za mwezi huu karibu zote zinahusu injini na giaboksi za mtumba. Kwa mgeni wa safu hii: nina duka la spea za mtumba hapa Mwanga, Kigoma, na mzigo naufuata mwenyewe Dar es Salaam. Mimi si fundi. Gereji iko ukuta kwa ukuta na duka langu, na kila ninachoandika kuhusu spana na nati wanakisoma wao kwanza, na pa kunicheka wananicheka.

SWALI: Shikamoo Mama Spea. Mimi ni dereva wa mchomoko (gari dogo la abiria), Kasulu–Kigoma, gari ni Probox yenye injini ya 1NZ. Oili ilivuja njiani sikujua, injini ikanoki. Fundi mmoja anasema tufanye ovahoo, mwingine anasema ninunue injini ya mtumba. Mtu wa Dar kaniambia milioni moja na laki moja, hapa Kigoma nimeambiwa milioni moja na laki saba. Kwa nini inapishana hivyo, na nifanyeje? – Dereva, Kasulu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Gari la mchomoko likilala, na jiko linalala.

Nianze na ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuijenga upya; hapo sina shaka hata kidogo. Bloku ya 1NZ ni ya aluminiamu, ndani ina slivu nyembamba za chuma. Si sawa na bloku ya Hiace ya dizeli, chuma kitupu, ambayo fundi wa mashine anaiboa, anaweka pistoni za saizi ya juu, maisha yanaendelea. Isitoshe, injini ikishanoki, unga wa beringi umeshatembea kwenye njia zote za oili mpaka juu kwenye kamshafti. Utachonga krenki, utanunua beringi, ringi na gasketi, utamlipa fundi, halafu chembe moja iliyojificha kwenye kitundu inakurudisha ulikotoka. Kwa 1NZ, tafuta ya mtumba. Zipo tele kwa sababu magari yake ni tele: Probox, IST, Vitz, Ractis, Spacio ya umbo jipya, hadi baadhi ya Premio na Allion. Injini hizi zinatoka kwenye magari yaliyochinjwa Japani, zinaingia kwa makontena, nyingine zinapitia Dubai, na Dar utazikuta Ilala na Gerezani.

Sasa hizo bei mbili. Kabla hujamtumia mtu wa Dar hata shilingi, muulize: hiyo injini ni tupu au kamili? Injini tupu kwa lugha ya dukani haina alteneta, haina stata, mara nyingi haina koili, throto wala baadhi ya sensa. Kamili inakuja na vyote, na ukibahatika na waringi na kontroli boksi yake. Watu wengi wanaona tofauti ya laki sita wanadhani Kigoma tunawanyonya, kumbe wamelinganisha vitu viwili.

Lakini wewe una bahati moja. Kilichokufa kwako ni krenki. Alteneta yako nzima, stata yako nzima, koili na injekta zako nzima, kontroli boksi na waringi viko kwenye gari vinakusubiri. Kwa hiyo injini tupu inakutosha kabisa, na muuzaji akikulazimisha kamili anakuuzia vitu ambavyo tayari unavyo. Ninajua ninajipunguzia biashara kwa kuandika hivi. Hata hivyo iwe 1NZ ya gari linalolingana na lako. Zipo zenye throto ya waya na zenye throto ya umeme, na ya gari linalovuta magurudumu yote manne inaweza kukuletea sampo (bakuli la oili la chini) isiyokaa vizuri kwako. Zote ni 1NZ, na zote zitaitwa "hiyohiyo tu, mama" na kijana anayeuza.

Kuna moja nataka uijue hasa. Nikiwa Ilala niliwahi kuonyeshwa injini safi, kavu, imepigwa brashi mpaka inang'aa, bei ya chini kuliko zote pale uani. Kijana akasema 1NZ. Nikatafuta mahali pa kufunga alteneta, sikupaona. Nikatafuta pa komprosa ya AC, sikupaona. Nikapangusa namba iliyogongwa kwenye bloku kwa kitambaa chenye petroli: 1NZ-FXE. Hiyo ni ya Prius, gari linaloendeshwa na petroli na umeme kwa pamoja. Kwa macho inafanana na yako kama pacha, ila ndani pistoni na kamshafti ni tofauti, na vile vitu vya kuzungushwa na mkanda kwenye Prius vinafanywa na umeme. Herufi moja tu katikati ya F na E. Ungekuwa umetuma pesa kwa simu ukiwa Kasulu, ungeletewa hiyo, na ugomvi wake ungeumalizia kwa wakala wa mpesa wa kijijini kwako.

Kwa hiyo ama uende, ama utume mtu anayejua kusoma namba. Akifika afanye hivi. Afungue kifuniko cha oili achungulie chini yake kwa tochi. Rangi ya kahawia ya dhahabu ni dalili nzuri; ukoko mweusi mzito maana yake mwenyewe wa kwanza hakuwa anabadilisha oili; utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, aachane nayo, maji yameshaingia. Achomoe plagi zote nne azipange chini kwa mpangilio wake. Zikifanana rangi, vizuri. Moja ikiwa imelowa oili, hiyo silinda ina lake. Kisha aweke spana kwenye nati ya krenki na aizungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili, akisikiliza. Izunguke kwa uzito ulio sawa, bila kugota popote. Achungulie na tundu la maji: kutu nyekundu ndani ya injini ya aluminiamu ni habari ya injini iliyokunywa maji ya bomba badala ya kulanti.

Kama duka lina kipimo cha kompresheni, na la maana linacho, waipime ikiwa imelala chini kwa kuizungusha na stata. Kwa 1NZ nzima utaona presha ya karibu pauni 200 (PSI) au zaidi. Ila mimi sisumbuliwi sana na ukubwa wa namba, kwa sababu betri ikiwa dhaifu namba zote zinashuka. Ninaangalia usawa. Silinda na silinda zisipishane zaidi ya pauni kumi na tano hivi.

Garantii nayo ina ujanja wake. Duka la Dar litakupa garantii ya kuwasha, siku chache, tena linapaka rangi kwenye nati za hedi na sampo ili ukifungua wajue. Siku hizo kwa mtu wa Ilala zinatosha. Kwako, reli peke yake kutoka Dar mpaka huku mwisho wake ni karibu kilomita 1,250, na malori yanayopanda yanakuja yameshiba mizigo ya Burundi na Kongo, unasubiri nafasi. Injini itafika garantii ikiwa imekwisha. Sema mapema, kabla ya kulipa, kwamba siku zianze kuhesabiwa mzigo ukipokelewa Kigoma, na waandike hivyo nyuma ya risiti pamoja na namba ya injini. Ukiongea baada ya kulipa hawakusikii. Na hii ndiyo sababu nyingine ya bei ya Kigoma kuwa juu: aliyeileta ameshabeba nauli, kuli, na hatari ya kupata moja mbovu kati ya kadhaa. Ukinunua hapa na ikagoma, unajua mlango wa kugonga.

Ikifika, usikubali fundi aiingize kama ilivyo. Ikiwa bado iko chini, badilisha sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji, themostati na mkanda wa nje. Vitu hivi dukani ni pesa ya kawaida, injini ikishaingia ndani ndipo sili hiyohiyo inakuwa kazi ya siku nzima. Na ile injini yako iliyokufa usiiuze chuma chakavu wiki hiyo. Iache nyuma ya nyumba mwezi mmoja. Utashangaa ni mara ngapi utairudia kuchomoa sensa au brakiti.

SWALI: Mama Spea, trafiki Uvinza alifungua boneti ya IST yangu akalinganisha namba ya injini na kadi, hazifanani. Injini niliibadilisha kihalali. Kosa langu ni nini? – Mfanyabiashara wa chumvi, Uvinza

JIBU: Kaka, kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake. Ukibadilisha injini, kadi inakuwa inaeleza gari ambalo halipo tena, na jukumu la kutoa taarifa TRA ni la mwenye gari. Gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi, kisha nenda TRA ukiwa na kadi na risiti ya injini. Risiti ninayosema ni ya mashine ya EFD, si karatasi ya kalenda iliyoandikwa "injini moja, imelipwa". Kama huna, rudi kwa aliyekuuzia leo. Akianza kukuzungusha, jiulize aliipata wapi, kwa sababu injini za magari ya wizi nazo zinauzwa, na atakayekutwa nayo barabarani ni wewe.

SWALI: Habari za kazi, mama. Mimi ni mwalimu hapa Tabora, Isevya. Nina Ractis ya cc 1500. Ikipoa inaenda vizuri, ikichemka inatetemeka ikianza kuondoka na inavuma bila kuongeza mwendo. Fundi anasema giaboksi imekufa, na anashauri tufunge ya IST kwa sababu injini ni moja na hizo za IST hazisumbui. Ni kweli? – Mwalimu, Tabora

JIBU: Nzuri, mwalimu. Fundi wako amesema kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo itakayokula mshahara wako.

Ni kweli injini ni 1NZ kwa zote mbili. Lakini Ractis yako, kama ni ile ya kuvuta magurudumu ya mbele, inatumia CVT: ndani hakuna gia za kuhesabu, kuna puli mbili na mkanda wa chuma. IST ya umbo la kwanza ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Kuitoa moja na kuweka nyingine maana yake ni kubadilisha na kontroli boksi, kipande cha waringi, mauntingi, uangalie na draivi shafti, halafu taa za dashibodi ziwake zote kama Krismasi kwa sababu gari linaitafuta CVT yake halioni. Inawezekana. Kuna watu wamefanya. Wengi wao fundi umeme anawajua kwa majina.

Kabla ya yote, swali langu kwako: mara ya mwisho giaboksi hiyo iliwekewa oili gani? CVT za Toyota za wakati huo zinatumia oili yao, CVTF TC. Otomatiki ya IST inatumia ATF aina ya T-IV. Hapa kwetu gereji nyingi zina dumu moja jekundu, na jekundu hilo linamiminwa kila penye giaboksi. CVT ikiwekewa ATF, mkanda wa chuma unateleza kwenye puli, na dalili zake ndizo hizo ulizoandika. Mwaga oili, toa sampo ya giaboksi uangalie sumaku zilizomo chini. Unga mwembamba wa kijivu juu ya sumaku ni wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, imekwisha, na oili mpya haitakusaidia kitu. Ukikuta unga tu, weka oili sahihi, chujio jipya, uendeshe kwa adabu wiki mbili uone.

Ikibidi kununua, nunua CVT ya Ractis kwa Ractis. Na hapa kuna kitu kidogo ambacho ningependa kila msomaji wa safu hii afanye leo jioni. Fungua boneti, tafuta kibati cha Toyota kilichopigiliwa kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Kina mistari: modeli, injini, namba ya fremu, rangi, na karibu na chini kabisa pameandikwa TRANS/AXLE. Herufi na namba zinazofuata hapo ndizo jina kamili la giaboksi yako na uwiano wa difu yake. Kipige picha kwa simu. Ukienda dukani usiseme "giaboksi ya Ractis", onyesha picha. Muuzaji anayejua kazi atakuheshimu hapohapo, na asiyejua atakwambia zote ni sawa, basi utakuwa umemjua.

Kingine: giaboksi ya mtumba ya otomatiki haipimiki ikiwa chini kama injini. Unanusa oili yake. Harufu ya kuungua hailingani na kitu kingine chochote, na ukiisikia mara moja hutauliza tena. Unaangalia kama soketi ya waya haijavunjwa na kama tundu za draivi shafti zimezibwa. Iliyokaa wazi uani msimu mzima wa mvua imeshakunywa maji.

SWALI: Mama, nina pikapu Hilux ya zamani, injini ya 2L, imechoka. Ninabeba tumbaku kutoka vijijini, barabara za mchanga. Nataka niweke 5L au ile 1KZ yenye taabo. Ipi itanifaa kwa pesa kidogo? – Mkulima, Urambo

JIBU: 5L. Naweza kuishia hapo, ila mhariri atanikata mistari.

2L ina cc 2446, 3L ina 2779, 5L ina 2986, na zote ni ukoo mmoja. Mauntingi zinakaa, giaboksi yako inakubali, na fundi yeyote wa Urambo ameshaifungua akiwa amefumba macho. Utatoa 2L asubuhi na gari litakuwa linanguruma kabla ya siku ya pili kwisha. Weka klachi pleti na presha pleti mpya wakati pamefunguka. Mkanda wa taimingi pia mpya, usikubali kuambiwa "huu bado", kwa sababu hujui umetembea kilomita ngapi Japani, na ukikatika valvu zinakutana na pistoni.

Angalia sehemu moja tu: pampu ya dizeli. Kuna 5L na kuna 5L-E. Hiyo yenye E pampu yake inaongozwa na umeme, inataka kontroli boksi na waya zake. Wewe unataka ile ya kawaida, ambayo ukiisukuma mtelemko inawaka. Ukiweza, isikilize ikiwaka papo hapo. Ikiwa inaunguruma, geuza kifuniko cha oili kichwa chini ukilaze juu ya tundu lake. Kikitulia au kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa pembeni na moshi ukafuata, ringi zimekwisha, na bei yoyote utakayopewa ni kubwa.

1KZ ni injini tamu, sikatai. Cc ni 2982, karibu sawa na 5L, lakini taabo inaipa nguvu nyingine kabisa. Tatizo linakuja joto. Ikichemsha mara moja tu, silinda hedi yake inaweza kupasuka, na hedi hiyo kuipata nzima ya mtumba ni shida. Wewe unatembea gia ya pili kwenye mchanga na marobota nyuma, redieta ya 2L iliyojaa vumbi. Utaipasua kabla ya mavuno mengine. Tena italazimu giaboksi yake, waya zake, redieta yake na mabomba ya taabo. Kwa gharama hiyo nunua 5L na ng'ombe wawili.

SWALI: Mama Spea, tuna mtumbwi mkubwa wa mbao hapa Ujiji. Tumepata injini ya 3L ya Hiace na giaboksi yake kwa bei nzuri. Tunaweza kuifunga tuachane na mashine za petroli za kuning'iniza nyuma? – Wavuvi, Ujiji

JIBU: Wanangu, mnaweza, na dizeli itawapunguzia gharama ya mafuta. Lakini wengi wanadhani ukishakuwa na injini na giaboksi kazi imebaki kuchomelea propela. Sivyo. Kwenye gari, giaboksi inazungusha tu. Kwenye mtumbwi, propela inaposukuma maji, inasukuma na shafti mbele, kuelekea giaboksi, muda wote, kwa nguvu ileile inayousogeza mtumbwi. Beringi za giaboksi ya Hiace hazikutengenezwa kwa msukumo huo. Lazima pawe na beringi nzito ya kupokea msukumo, imefungwa kwenye mbao ngumu za mtumbwi wenyewe, kabla shafti haijafika kwenye giaboksi. Bila hiyo giaboksi itakufa, na haitachagua kufia karibu na mwalo wa Kibirizi.

Angalieni pia injini isilale sana kwa nyuma, oili itakimbilia upande mmoja wa sampo na pampu ivute hewa. Kupooza: maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari, hiyo ni nafuu yenu, ila kuyapitisha moja kwa moja ndani ya bloku ni kuingiza mchanga, na injini inabaki baridi mno. Bora maji yake yazunguke ndani kwa ndani, yapite kwenye bomba lililolazwa chini ya mtumbwi ndani ya ziwa, na themostati ibaki mahali pake. Na kabla hamjatoboa mbao, nendeni TASAC, kwa sababu ukaguzi wa vyombo vya majini ni wao, na mkibadilisha mashine chombo kinatakiwa kukaguliwa.

SWALI: Nina Voxy yenye D4, inazima ovyo na mafundi wameshindwa. Nibadilishe niweke injini isiyo D4? – Nzega

JIBU: Injini yako ni 1AZ-FSE, ndugu yangu; D4 maana yake petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kwanza jua kama kinachokufa ni injini au ni pampu yake ya petroli ya presha kubwa, maana mara nyingi ni hiyo pamoja na masizi kwenye njia ya hewa, na injini yenyewe nzima. Mafuta machafu ya madumu yanaiua pampu hiyo upesi. Pima presha ya mafuta kabla ya kupima mfuko wako. Ukiamua kuhamia 1AZ-FE, hiyo ya kawaida, nunua na kontroli boksi, waringi, injekta na throto yake, kutoka gari moja, siku moja. Na uangalie upande wa nyuma wa hedi, unaotazama ukuta wa dereva: injini za ukoo huu zina tabia ya nyuzi za bolti za hedi kung'oka kwenye bloku, na utaona alama ya maji yaliyokaukia hapo.

SWALI: Mambo vipi mama? Mimi kijana wa Ng'ambo, Tabora. Nina Mark II GX100. Nataka kutoa 1G niweke 1JZ. Mafundi wa hapa wananicheka. Injini nimeona Dar, nauli ninayo. Nipe ramani. – Mtoto wa Ng'ambo

JIBU: Poa, mwanangu. Wasikucheke sana, kwa sababu umechagua gari sahihi. GX100 na JZX100 ni bodi moja. Toyota yenyewe ilifunga 1JZ humo humo. 1G yako ina cc 1988, 1JZ-GE ina 2491, na kwa JZX100 inatoa nguvu za farasi 200. Kwa hiyo hakuna cha kubuni wala kukata chesisi, kila kipande kipo duniani, shida ni kukikusanya.

Kosa la vijana ni kununua 1JZ peke yake, kisha kuanza kuwinda brakiti za mauntingi mwezi huu, giaboksi mwezi ujao, propela shafti mwaka kesho. Gari linakaa juu ya mawe, kuku wanataga kwenye siti. Usinunue injini. Nunua kichwa kizima cha JZX100 kilichokatwa, yaani sehemu yote ya mbele ya gari, kikiwa na injini, giaboksi, waringi usiokatwa, kontroli boksi, redieta na brakiti zake, na propela waiongezee humo. Kwa jumla kitaonekana ghali. Jumlisha vipande kimoja kimoja kwa karatasi uone kipi ghali. Waringi uliokatwa kwa msumeno karibu na soketi ukatae, hata wakikupa bure.

Ile yenye taabo, 1JZ-GTE, achana nayo kwa sasa. Farasi 280 kwa breki za GX100 kwenye barabara ya Nzega, na punda wakivuka, siwezi kukupa ramani hiyo. Mweleze pia anayekununulia petroli. Ukishapewa bei ya kichwa kizima niandikie, utaje na kilichomo kipande kwa kipande, nikwambie kama umepigwa.